Chakula Kinachongoja na Kisichongoja

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, barabara za Arusha huwa na misafara miwili inayopishana. Mmoja unatoka: Wachagga waliojenga maisha yao mjini hapa wanafunga maduka na kuelekea Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, huku watani wao wakisema wanakwenda kuhesabiwa. Wa pili unaingia: watoto wa Waarusha na Wameru waliotawanyika Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Nairobi wanarudi kuuona Mlima Meru. Mama anayepanga chakula cha sikukuu Elerai, kata hii ya upande wa magharibi wa jiji, sharti aisome misafara yote miwili. Unaoingia unamwambia kuna watu wa kulisha. Unaotoka unamwambia jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wameshachelewa: tarehe 25 na 26 bucha, genge na mashine ya kukoboa vitakuwa na kufuli, kwa kuwa wenyewe wako kwao wanakunywa supu ya kisusio.

Mama mkwe wangu huanza kuisoma tangu Novemba. Mtaa mzima unamwita yeyo, mimi namwita mama, na kwa kuwa mimi ni mkamwana, kazi yangu jikoni kwake ni kumenya, kuosha na kutazama. Nimetazama sana. Wanaokula kwake husifu pilau, husifu loshoro, na kesho yake asubuhi husifu supu. Ninachokisifu mimi hakionekani kwenye sahani. Ni ule mpango unaotangulia mapishi, ambao haumo kwenye daftari wala kwenye simu, na ambao msingi wake ni mmoja tu: kuna chakula kinachongoja watu, na kuna chakula kinachongojwa na watu, na ole wake anayevichanganya.

Shida ya Krismasi ni kwamba idadi ya wageni haijulikani. Harusi ina kadi na kamati. Msiba una majirani wanaokuja na masufuria yao. Krismasi haina hivyo vyote. Mtoto anapiga simu kusema anakuja na mke na watoto wawili, kisha anashuka kwenye gari na shemeji, mdogo wa shemeji, na rafiki wa chuoni ambaye kwao ni mbali. Ukimuuliza mama mwaka huu watakuja wangapi anajibu, "Watakaokuja," halafu anaongeza mahindi kwenye ungo. Saa ya kufika nayo haina mwenyewe. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, na Desemba magari huwa mengi kuliko barabara. Treni ya abiria, iliyokuwa imesimama miaka mingi, ilirudi Moshi Desemba 2019 na kufika Arusha Oktoba 2020, ikawapa nafuu wenye familia kubwa na mizigo mingi, lakini nayo hulala njiani na hufika inapofika. Kwa hiyo siku nne za kabla ya sikukuu nyumba ile hupokea watu alfajiri, adhuhuri na usiku wa manane, na wote wana ile njaa ya safari isiyotaka kuambiwa "kaeni kidogo, tunabandika."

Jibu lake ni loshoro. Ni chakula cha Waarusha na Wameru, na aliyekua nacho atakiulizia kabla salamu hazijaisha. Ni mahindi yaliyokobolewa, ndizi na maziwa mgando, basi. Ila kila kimoja kina saa yake. Mahindi hulowekwa usiku, hubandikwa asubuhi, na huchemka muda mrefu kuliko mtu wa Pwani anavyotegemea, kwa sababu mji huu uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100. Wifi yangu anayeishi Dar husahau hilo kila mwaka. Huonja, hukuta kiini cha punje bado kigumu, hulaumu mahindi. Mama hasemi kitu. Huchochea kuni.

Mahindi yakishaiva na kuanza kupasuka, maji yakiwa yamebaki kidogo, ndizi mshare zilizomenywa huwekwa juu yake na sufuria kufunikwa. Zikilainika sufuria huepuliwa na mwiko huanza kazi. Mara ya kwanza nilipopewa mwiko ule niliambiwa niache kuponda mapema kuliko nilivyodhani. Ndizi ndizo zinazopondwa mpaka zishikane. Punje za mahindi huachwa nzima, ili mlaji apate cha kutafuna ndani ya ule ulaini. Kisha ni kungoja. Sufuria inakaa chini, imefunuliwa nusu, na anayeisogelea na kijiko anafukuzwa. Maziwa mgando yakikutana na chakula cha moto hukatika, maji pembeni na mabonge katikati, na hapo hakuna dawa. Mama huweka kiganja kwenye ubavu wa sufuria. Mkono ukikaa bila kuungua, maziwa humiminwa, kidogo kidogo, mwiko ukizunguka taratibu.

Maziwa hayo yameanza safari yake siku kadhaa nyuma. Kibuyu huoshwa na kukaushwa, kisha kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, huingizwa ndani kikiwa na moto na kusuguliwa kwenye kuta zake zote mpaka moshi ukolee. Vumbi la mkaa hupanguswa, si lote. Moshi huo huyasaidia maziwa yakae bila kuharibika na huyapa harufu ambayo ndoo ya plastiki haiwezi kuitoa hata ukiibembeleza. Siku hizi nyumba nyingi mjini hununua mgando wa pakiti, nami sina ugomvi na pakiti. Lakini mtu mzima aliyekaa Mwanza miaka mingi, akipewa bakuli la maziwa yenye moshi wa oloirien, hunyamaza hapo hapo, na hakuna pakiti iliyowahi kumnyamazisha hivyo.

Na loshoro huliwa ya baridi. Hapo ndipo mpango ulipojificha. Aliyefika saa nane za usiku na aliyefika saa sita mchana wanachotewa sufuria ile ile. Hakuna wa kuamshwa, hakuna moto wa kuwashwa, hakuna mgeni anayeketi sebuleni akisikia vyombo vikigongana jikoni na kujiona mzigo. Wakizidi, maziwa yanaongezwa.

Ndizi ndizo zinazomnyima usingizi, kwa sababu mshare hujifanya zinangoja, kumbe hazingoji. Mkungu ukishakatwa saa yake imeanza, na mshare iliyoanza kuiva haifai tena kwa loshoro wala kwa machalari ya ndizi na nyama. Yeye huzifuata soko la Tengeru au huzisubiri soko la Kilombero, hapa mjini, kwa akina mama wa Kimeru wanaozishusha kutoka mlimani, na hanunui mikungu inayofanana. Huinama, hupitisha kidole gumba kwenye tunda moja moja. Ndizi yenye kingo kali bado ni changa, itavumilia siku nyingi; iliyojaa mpaka kingo zimelainika iko tayari na itaiva upesi. Mkungu mmoja wa kingo butu kwa ajili ya tarehe 22, mwingine wa katikati kwa siku yenyewe, na mmoja wa kingo kali kwa siku za kuaga. Muuzaji asiyemfahamu hudhani mama anachagua kwa uzuri na humsogezea ule mkubwa ulionona. Anaukataa kwa adabu, muuzaji anashangaa.

Nyumbani mikungu haikai jikoni, maana joto na moshi huivisha. Haikai karibu na embe pia, na Desemba ni msimu wa embe, watoto wanaziacha kila mahali. Inalazwa stoo, gizani, juu ya gunia. Siku ya kumenya tunapakaa mafuta mikononi kwanza, vinginevyo utomvu unatuacha na vidole vyeusi vya kwenda navyo kanisani, na kila ndizi iliyomenywa inadondoka kwenye ndoo ya maji kabla haijaanza kugeuka rangi. Wakamwana wapya hujulikana kwa vidole.

Vitu vingine vinapangwa kwa kanuni hiyo hiyo, na hapa nitapita haraka. Mchele unangoja, kwa hiyo hununuliwa Novemba kabla bei haijapanda, na sharti uwe wa Magugu, ule wa upande wa Babati wenye harufu yake. Akishanunua hupika kikombe kimoja siku ya kawaida kuupima, kwa sababu mchele mpya hunywa maji kidogo na wa zamani hunywa mengi, na hiyo si habari ya kuigundua mbele ya wakwe. Vitunguu vyekundu vya Mang'ola, vinavyolimwa kando ya Ziwa Eyasi, navyo vinangoja vikitandazwa penye hewa. Kuku wa kienyeji wananunuliwa mapema na kulishwa bandani, kwa kuwa jogoo wa Novemba na jogoo wa tarehe 23 Desemba ni jogoo yule yule, bei tu ndiyo imebadilika. Nyanya na pilipili hoho hazingoji; hizo zinakuja mwisho kabisa, juu ya bodaboda.

Mbuzi ni kalenda. Sijapata neno bora zaidi, maana mama humsoma mnyama yule kwa tarehe, kuanzia ndani kwenda nje. Anachinjwa tarehe 24 mchana, na anayechinja ni kijana Mwislamu wa jirani, kwa kuwa mkwe mmoja ni mtu wa Tanga na nyumba za Waislamu mtaani nazo zitapelekewa sahani. Hakuna anayelijadili hilo. Ndivyo sufuria moja inavyoweza kuliwa na wote. Maini, figo na utumbo haviwezi kungoja, kwa hiyo ndivyo vinavyoliwa usiku ule ule kabla ya ibada ya mkesha. Mapaja na mabega yanakatwa vipande na kuchemshwa usiku kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, na maji yake hayamwagwi, ndiyo yatakayopikia pilau kesho. Mbavu zinapakwa chumvi tu na kungoja makaa ya mchana wa tarehe 25. Kichwa na miguu ni vya tarehe 26, vinababuliwa manyoya, vinakwanguliwa, vinachemka usiku kucha kwenye moto mdogo, na asubuhi wanaume waliokesha wakizungumza wanapewa supu ile wakiwa hawajaombwa maelezo yoyote.

Friji lipo, lakini mpango haulitegemei. Umeme ukikatika jioni ya mkesha, wengine mtaani hukimbizana na nyama. Kwake, ukiacha kichwa na miguu, nyama iliyobaki mbichi ni mbavu peke yake, na hizo zina chumvi na zimetundikwa penye baridi. Napenda sana ufundi usiojali umeme. Serikali imejiwekea lengo la kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na mama anao mtungi wake wa gesi, wa chai na wa kupashia. Lakini sufuria la watu 40 halikai juu ya jiko la gesi la plate mbili. Linakaa juu ya mafiga, uani, chini ya mabati.

Kuna desturi moja ya mbali ninayoikumbuka kila nikimwona mama akipanga vyombo. Wapoland, usiku wa tarehe 24 Desemba, huandaa sahani ya ziada mezani kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Poland iko mbali, lakini Wapoland walikuwa karibu. Kuanzia mwaka 1942, maelfu yao waliofukuzwa makwao na vita, wengi wakiwa wanawake na watoto waliopitia Siberia na Uajemi, waliwekwa kambini Tengeru, chini ya mlima huu huu, na makaburi ya waliofia hapo yanatunzwa mpaka leo. Wenyewe walikuwa ndio wageni wasiotarajiwa. Nilimsimulia mama habari ya ile sahani. Alifikiri kidogo akasema, "Sahani moja?"

Kwake wasiotarajiwa wametengewa fungu zima. Kuna sufuria la kando la maharage, kuna unga uliokwisha kuchekechwa kwa ajili ya chapati za dharura, na kuna jogoo mmoja ambaye jina lake ni "wa akiba" na ambaye miaka mingine huingia Januari akiwa hai. Kilo ya mchele kwa watu sita, ndivyo anavyohesabu. Kisha, baada ya kuhesabu wote anaowajua, anaongeza kilo mbili bila kueleza ni za nani.

Pilau ndicho chakula kisichongoja hata kidogo. Ikikaa kwenye moto inaungua, ikitolewa inapoa na mafuta ya mbuzi yanaganda kwenye kaakaa. Lazima iive watu wanapofika, na watu wako kanisani, na ibada ya Krismasi ya Walutheri wa huku haina saa ya kuisha. Mchungaji anaweza kuwa na mengi moyoni. Kwaya zinaweza kuwa nne. Na baada ya yote kuna mnada nje ya kanisa, pale sadaka za mazao zinapouzwa: mkungu wa ndizi, trei la mayai, jogoo anayepandishwa bei na wajukuu wa mjini wanaotaka kuonekana. Wapishi wengi huangalia saa ukutani. Mama, ambaye husali ibada ya kwanza ya alfajiri ili awe huru, huangalia lango. Amemwachia mjukuu mmoja kazi kanisani: mnada ukianza, rudi mbio.

Wakati huo kila kitu kimesimama kwenye mstari. Vitunguu vimekaangwa tangu asubuhi mpaka vikawa kahawia ya kuiva, maana hapo ndipo rangi ya pilau inapotoka, kwenye kitunguu, si kwenye unga wa kununua. Nyama iko tayari. Jira, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga vimetwangwa muda si mrefu. Maji ya nyama yanafuka pembeni. Mchele umeoshwa, umechujwa, umekaa. Mtoto anatokea langoni akihema, "Bibi, wameanza kuuza!" na mchele unaingia. Kuanzia hapo mama haongei na mtu. Maji yakikauka na mchele kuanza kutoboka vishimo juu, hugeuza mara moja, kutoka chini kwenda juu, kwa mwiko mrefu, hatua moja nyuma ili moshi upite. Huondoa moto chini akiacha majivu ya joto, hufunika jani la mgomba, huweka mfuniko, hupalia makaa juu. Mnada wa sadaka, maongezi ya uwanjani, kupanda daladala, kushuka, kutembea kutoka lami: pilau na watu hufika pamoja. Nimeona wapishi wenye mkono mzuri kuliko wake. Sijaona mwingine anayepika kwa kutumia mnada.

Kazi ya mikono anaigawa kwa hesabu ya tabia za watu. Mabinti wawili wasioelewana hawapewi jiko moja. Mmoja ana chapati sebuleni, mwingine ana mbavu uani pamoja na wanaume, ambako ugomvi hauna nafasi kwa sababu ya moshi. Wifi wa Dar anapewa kachumbari, kwa kuwa anajua kukata vitunguu vyembamba na kwa kuwa haihitaji kuchemka. Mkwe wa Tanga, ambaye kwao nazi huingia kila mahali, hupika wali wake wa nazi kidogo tarehe 26, na mama huula na kuusifu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Aliyekuja mikono mitupu kwa sababu mambo hayakumwendea vizuri mwaka huo hutumwa kununua kreti la soda kwa pesa ya mama, mbele ya watu, akaonekana ameleta yeye. Jambo hilo nililigundua kwa sababu ya kukaa karibu na mkoba wake. Sijalisema kwa mtu.

Halafu kuna Januari. Ada za Kidato cha Kwanza hadi cha Nne kwenye shule za serikali zilifutwa tangu 2016, ila godoro, sare, tranka, ndoo na fagio la mtoto anayeingia Kidato cha Kwanza havikufutwa, na kila mwaka nyumba kama ile huwa na mjukuu mmoja aliyechaguliwa. Fedha hiyo hutolewa kwanza, kabla ya mbuzi. Mwaka ambao wajukuu wawili walichaguliwa pamoja, mbuzi alikuwa mdogo na viazi kwenye pilau vilikuwa vingi, na nadhani wengi wa waliokula hawakuona tofauti, kwa sababu viazi vilikaangwa kwanza na kukolezwa vizuri.

Tarehe 27 na 28 mizigo inafungwa. Anayekwenda Nairobi anapewa mshare za kawaida, hali ya hewa ya kule haina haraka. Anayekwenda Dodoma anapewa kabichi na karoti za mlimani. Wa Dar anapewa ule mkungu wenye kingo kali kuliko yote, uliohifadhiwa stoo wiki nzima kwa ajili yake, kwa kuwa joto la kule litauivisha upesi, na anaagizwa aupike ndani ya siku mbili. Huwa haupiki. Katikati ya Januari hupiga simu kuuliza zile ndizi zilizogeuka njano atazifanyia nini. Mama humwambia akaange, kisha anauliza kama godoro la mtoto limeshanunuliwa.